Jumapili Nisiyoikumbuka

Jumatatu, 10 Machi 1975

Ya leo nayaandika leo, kwa sababu ya jana sina.

Ninachokumbuka ni hiki. Jana asubuhi nilikuwa bafuni uani. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu alfajiri, upande wa kushoto. Nilichota maji ya pipa, baridi kabisa kwa mvua iliyonyesha, nikajimwagia kichwani. Nakumbuka kopo. Nakumbuka konokono ukutani. Halafu nimekaa mkekani ukumbini, jua limeshuka, Mama ameushika mkono wangu wa kushoto, nami kwa wa kulia nimeshika mhogo, natafuna. Miguu yangu ina tope mpaka magotini. Nimejifunga kanga ya Klara. Kati ya konokono na mhogo hakuna kitu. Si giza wala usingizi. Mtu aliyelala akiamka hujua kwamba alikuwa amelala.

Nilimwuliza Mama nani kaniingiza ndani.

"Umeingia mwenyewe. Kichwa kilikuwa kinakuuma. Kula."

Leo nilipotoka kwenda kazini nilimkuta Filbert mlangoni akijaza upepo baiskeli yake. Ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele, yeye na mkewe Klara, watu wa Songea. Anafanya kazi kwenye karakana ya reli, mtaa wa Gerezani. Aliponiona alisimama wima akanipigia saluti.

"Mwalimu wa Rufiji! Dada Mboni, jana umetufunga midomo sote."

Nilicheka kwa kuwa alitazamia nicheke. Njia nzima hadi Posta nilijiuliza Rufiji inanihusu nini.

Jioni Klara alinisimulia, akidhani ananikumbusha tu. Jana kulikuwa na mkutano wa nyumba kumi mbele ya baraza ya balozi wetu, Mzee Bakili. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuja mwenyewe. Alitaka kila balozi atoe mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika vizuri, aende kijiji kipya upande wa Rufiji akafundishe watu wazima, mpaka mwisho wa mwaka au zaidi. Watu wakatazama miguu yao. Mimi nikanyoosha mkono.

"Hata hukusukumwa," Klara alisema. "Makofi yalivyopigwa! Na ulikuwa unacheka, Mboni. Nimekaa nyumba hii mwaka wa tatu, sijawahi kukuona unacheka na watu wa mtaa."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Huyo anayecheka simjui.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kazini nimechapa barua bila kosa hata moja. Nimezikagua tena na tena.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Bakili alivuka barabara chini ya mwavuli kuja kwetu. Ni fundi cherehani. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye. Ni mtu ambaye siku zote nimemheshimu bila kujilazimisha. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Jina lako limeshafika tawini," alisema. "Lori litaondoka barabara ya kusini ikikauka. Mpaka masika yaishe, basi. Una muda wa kujitayarisha."

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa nyuma yangu na sinia la chai, akanifinya mgongoni kwa kucha.

Mgeni alipoondoka aliniuliza, "Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba sikumbuki."

"Sikumbuki! Wewe na kidato chako cha sita, usimame mbele ya watu useme hukumbuki ulichofanya jua linawaka? Leo watasema kifafa. Kesho watasema mashetani. Keshokutwa wapangaji wanafunga mizigo, hawataki kulala nyumba yenye mashetani. Ofisini watakuweka? Nani atakuja kukuposa?"

"Kwa hiyo niende Rufiji?"

"Masika ndiyo kwanza yanaanza," alisema Mama, akaanza kukusanya vikombe.

Jumamosi, 15 Machi

Filbert amegonga dirisha langu asubuhi: "Mwalimu, jembe!" Kumbe Jumapili ile nilinyoosha mkono pia kwa kazi ya kuchimba mtaro. Na kwa kufundisha darasa la watu wazima hapa mtaani, ukumbini kwetu, Jumanne na Alhamisi, mpaka nitakapoondoka. Klara anasema mwenyekiti kila alipouliza jambo mkono wangu ulikuwa juu, hata alipouliza ni nani hao wanaotupa taka mtaroni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwenyekiti alisema natania, akanisifu kwa uchangamfu.

Nimechimba mtaro. Viganja vimechubuka. Watu walikuwa wema kwangu kuliko kawaida, walinipa maji, walinitania, na kila mmoja alikuwa akimtafuta kwangu yule wa Jumapili. Nilijaribu kumtoa. Sijui anakaa wapi.

Jumanne, 18 Machi

Darasa la kwanza. Wamekuja wanawake wanane, mpagazi mmoja wa sokoni na Mama, ambaye alikaa karibu na mlango kama mtu anayepita tu. Ubao ni mlango wa kabati la zamani. Nilimkaribisha Bi Zamzam, mke wa Mzee Bakili, kupitia dirishani kwake ng'ambo ya barabara. Alijibu mtaa mzima ukisikia: "Mimi nimezaa na kuzika bila a e i o u. Hiyo ni shughuli ya watu wasio na shughuli."

Ijumaa, 21 Machi

Bosi ameniita. Tawi limeandika barua, na ofisi imekubali kuniachia nafasi yangu mpaka nirudi. Alinishika mkono. Alisema vijana wasomi hukaa Posta wakingoja mshahara, kumbe wengine wana moyo. Alitangaza mbele ya wote. Wenzangu walipiga makofi. Nilisema ahsante. Ningesema nini? Kila anayenipongeza ananisukuma hatua moja zaidi kuelekea kwenye lori, na wote wana nyuso za furaha.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeomba ruhusa, nikaenda hospitali bila kumwambia Mama. Daktari alikuwa kijana, amechoka, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Alinigonga magoti, akanimulika machoni, akaniuliza juu ya kichwa kuuma. Alisema kuna hali ambayo kumbukumbu hukatika ghafla kwa saa kadhaa na baadaye hushika tena. Mtu huwa anatembea, anazungumza, anajua jina lake, ila hakuna kinachoingia. Kwa wengi huja mara moja, isirudi tena. Hawezi kuniahidi.

Kisha aliuliza, "Mbona hawakukuleta siku ileile?"

Nilimwambia kwamba hakuna aliyegundua.

"Haiwezekani," alisema, huku akiandika. "Mtu wa hali hiyo hurudia jambo lilelile tena na tena. Hata mtoto angegundua."

Nilitoka nje nikasimama chini ya kibaraza, mvua ikipiga. Hofu yangu mpaka leo ilikuwa ugonjwa. Sasa kuna kitu kingine, sijakipa jina.

Jumanne, 25 Machi

Mtaa mzima umekwenda Maulidi. Nimebaki na paka.

Jumamosi, 29 Machi

Nilimkuta Klara bombani peke yake. Tumbo lake limeanza kuonekana vizuri, nikamwekea ndoo chini ya bomba. Nilimwuliza kama mtu anayetaka kuchekeshwa: "Hebu nieleze, siku ile ya mkutano nilifanya vituko gani vingine?"

"Wee! Ulimwamkia Mzee Bakili mpaka akachoka! Shikamoo mzee. Marahaba. Unageuka huku, unarudi, shikamoo mzee. Marahaba. Mkutano unaendelea, wewe shikamoo. Na yeye anaitikia tu, jasho linamtoka. Mimi na Filbert tulikuwa tuna..."

 Maji yalimwagika pembeni ya ndoo na hakufunga bomba.

"Mlikuwa mna nini?"

"Tulicheka kidogo tu."

"Klara, mliona kwamba siko sawa?"

Akafunga bomba. "Tulijua unaumwa kichwa," alisema. Maneno yaleyale ya Mama, kama vile walikaa wakagawana.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua siku nzima. Bonde la Jangwani limejaa maji, watu wanavuka wameinua viatu. Soko jipya linalojengwa limesimama na nguzo zake nene za zege kama miavuli mikubwa, na chini yake mafundi wamekaa wanangoja. Wauza mboga wanalalamika, foleni ya unga haisogei, Mama analalamika juu ya kuni.

Mimi nasikiliza bati usiku na kuombea lisinyamaze. Nadhani katika mji huu wote ni mimi peke yangu ninayeombea barabara zisipitike.

Alhamisi, 10 Aprili

Darasa. Mpagazi ameandika jina lake lote. Alilitazama, akalifuta kwa kiganja, akaliandika tena kuhakikisha kwamba halikuwa bahati.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimesema na Mama. Naandika yote, ijapokuwa mkono hautaki.

Tulikuwa uani tunachambua mchele. Nilimwambia nilikwenda hospitali. Hakuinua kichwa. Nilimwambia alichosema daktari, kwamba hata mtoto angegundua.

"Niligundua," alisema Mama.

Aliendelea kuchambua. "Ulitoka bafuni unanichekea. Ukaniuliza, Mama, leo siku gani? Nikakwambia Jumapili. Ukaenda hatua mbili, ukarudi. Mama, leo siku gani? Nikakwambia tena. Nilikwambia mpaka ulimi ukakauka. Moyo wangu ulikuwa hapa," akagusa koo. "Nikasema nikufungie ndani. Watu wakawa wanaita, mkutano, mkutano. Ukaponyoka, umevaa ile kanga ya Klara uliyoikuta kwenye kamba. Nikakufuata. Ningefanya nini? Nikuvute mbele ya mwenyekiti niseme mwanangu karukwa na akili?"

"Na niliponyoosha mkono?"

"Nilisema moyoni, heri wamwone ana moyo wa taifa kuliko wamwone ana wazimu."

Nilimwuliza kama kuna wengine waliogundua.

Sasa aliinua kichwa. Alinitazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, ndiyo maana ilinichoma. "Mboni, ulikuwa unamwamkia mtu mmoja kila baada ya muda mfupi kama saa mbovu. Nani asingegundua?"

Baada ya hapo tulimaliza mchele. Nilikuwa nimejitayarisha kulia na sikulia. Niliwaza jambo la ajabu: kwamba alinificha mbele ya watu ambao wote walikuwa wamekwisha kuniona, na wao wakajifanya hawakuona, na kila mmoja akadhani anamfanyia mwenzake hisani. Mimi ndiye pekee ambaye sikuona, na mimi ndiye ninayekwenda.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwangalia Mama akisuka mkeka. Amezeeka kuanzia mikononi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mtaro tuliochimba umejaa, lakini unapeleka maji. Watu wamepita kuutazama. Kwa nini hili linanifurahisha?

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi kulikuwa kukavu. Adhuhuri mvua ilinyesha, lakini kwa uvivu. Darasani Mama amesoma neno "mama" na kusema, "Kumbe ni fupi hivi?" Wote walicheka, nami nilicheka, na nilijua kwamba nacheka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Jua. Filbert amerudi kutoka kwenye maandamano amevaa shati jeupe. Aliketi kwenye ngazi ya nyuma, akaniita nikae. Si kawaida yake kuketi bila mzaha.

"Dada Mboni, Klara kaniambia unauliza-uliza."

"Nauliza."

"Basi niulize mimi." Alivua kiatu akakung'uta mchanga ambao haukuwamo. "Kabla hujafika pale mkutanoni, Mzee Bakili alikuwa ameshaninong'oneza. Filbert, nikikosa mtu nitakutaja wewe, una darasa la nane. Nikamwambia, mzee, mke wangu ana mimba, anazaa mwezi wa sita, hapa mjini hana mama wala dada. Akasema, nipe basi mtu mwingine. Ndipo ukaja wewe unacheka."

"Ukapiga makofi."

"Nilipiga kwanza kuliko wote."

Nilimtazama. Masikio yake ni makubwa, sijawahi kuyaona vizuri. Huyu kila asubuhi kwa wiki hizi zote ameniita mwalimu kwa sauti kubwa. Sasa nimeelewa kwamba alikuwa akiniita hivyo ili liwe kweli.

"Ukijitoa," alisema, "ni mimi."

"Sijasema najitoa."

"Hujasema unakwenda."

Akavaa kiatu, akaingia ndani. Nimebaki na jua usoni.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuna mvua.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna mvua. Wanasema malori yameanza kupita mpaka Kibiti, njia ya Rufiji.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ndogo, ya kudanganya.

Nimejaribu kuwaza kwenda kwa namna ya haki. Watu wa Rufiji hawana kosa. Kazi ni nzuri, darasa limenionyesha. Naweza kuifanya. Lakini kila ninapojiona nimepanda lori, anayepanda ni yule wa Jumapili, anawapungia watu mkono, na mimi nimebaki mahali fulani kati ya kopo na mhogo. Nikienda kwa mkono aliounyoosha yeye, nitakuwa nimekubali kwamba mimi sikuhitajika katika jambo hilo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimevuka barabara. Mzee Bakili alikuwa barazani kwake kwenye cherehani, anashona kola ya shati. Nilimwamkia, akaitikia, nikasimama.

"Mzee, siku ile ya mkutano nilikuamkia mara ngapi?"

Aliweka mkono juu ya gurudumu likasimama. "Sikuhesabu."

"Lakini ulijua."

"Mara ya kwanza niliitikia. Mara ya pili nikasema mtoto amejisahau. Baadaye nikakutazama machoni. Kila ulipokuja ulikuwa unaniona upya, kama mtu aliyetoka safari. Nikajua una jambo."

"Na ukaendelea kuitikia."

"Shikamoo haiachwi hewani, binti yangu. Hata ikija mara mia."

"Na mkono nao? Hukuweza kuuacha hewani?"

Alivua miwani. Bila miwani ni mtu mwingine, mdogo zaidi. "Mwenyekiti alikuwa amekaa hapo ulipo. Aliniambia mbele ya watu, Bakili, wewe ndiye balozi pekee ambaye hujaleta jina. Mikono yote ilikuwa mapajani. Filbert ananitazama kama mbuzi wa sikukuu. Wako ukawa juu."

"Ulikuwa mkono wa mgonjwa."

"Ulikuwa juu," alisema, polepole, si kwa kubishana.

Kutoka ndani Bi Zamzam alipaza sauti: "Bakili! Unamchelewesha nini mwalimu? Mwache akafunge mizigo!"

Nilitazamia kwamba nitakasirika. Badala yake niliona kwamba kola aliyoishona imepinda. Yeye, ambaye nguo zake hazipindi. Nikafahamu kwamba jambo hili limekuwa likimkaa mkononi tangu Machi.

"Jumapili ya tarehe kumi na nane mwenyekiti anakuja kukuaga rasmi," alisema. "Ukitaka kusema, sema. Sitakukana. Lakini siwezi kukusemea."

Jumapili, 11 Mei

Sikutoka.

Jumatano, 14 Mei

Mama ameninunulia sanduku la bati, la kijani. Ameliweka chumbani kwangu. Nilipolifungua lilikuwa na harufu ya rangi, na ndani ameweka shuka jipya na chumvi. Chumvi! Kama vile Rufiji hawapiki.

Jumapili, 18 Mei

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, palepale barazani. Jua kali. Walikuwa wamening'iniza kanga kwenye kamba kama pambo. Nilipewa kiti cha mbele. Nilikuwa nimeoga maji ya moto. Kila dakika chache nilijiuliza leo siku gani, nikajijibu, na jibu lilikaa.

Mwenyekiti alisema maneno yake kuhusu adui ujinga. Ni mtu mwenye sauti nzuri na nadhani anaamini anachokisema. Kisha akasema, "Ndugu Mboni atatupa neno."

Nilisimama. Nilimwona Mama akitikisa kichwa kidogo sana. Nilimwona Klara amekaa kwenye kigoda, Filbert nyuma yake ameshika bega lake.

Nikasema: "Jumapili ile niliyonyoosha mkono hapa, kichwa changu kilikuwa kimekatika. Sikujua ninachofanya. Sikumbuki mkutano ule hata neno moja. Nimekwenda hospitali wakanieleza. Ndivyo ilivyokuwa."

 Nikangoja mashetani, kifafa, yote aliyoyaogopa Mama.

Sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikasema, "Tunajua."

Mtu mmoja alicheka, na wengine wakafuata, si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Mama alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sidhani yeye alijua.

Mwenyekiti hakucheka. "Balozi, ni kweli?"

"Kweli," alisema Mzee Bakili. "Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nataka jina."

Mwenyekiti alijipangusa jasho. Alinigeukia. "Leo je, akili unazo?"

"Ninazo."

"Basi tuanze upya. Nakuuliza mbele ya hawa. Utakwenda?"

Nilikuwa nimejitungia sababu nyingi: Mama, kazi, kichwa kinaweza kukatika tena. Zote zilikuwa za kweli na hakuna iliyokuwa ndiyo yenyewe. Tangu Machi watu wote wamenipongeza, wamenihurumia, wamenificha, wamenishukuru. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Siendi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Sitaki."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye majani makavu. Mtu alisema, "Msomi huyo." Mwingine: "Heri yule wa mwezi wa tatu!" Walicheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa na makali. Niliketi. Nilihisi miguu yangu iko chini, yote miwili.

Mwenyekiti aliuliza nani basi. Macho yakaanza kumwendea Filbert, moja moja, bila haraka. Klara alishika tumbo. Nilijua kwamba hicho ndicho nilichofanya, nikakitazama. Sikugeuza uso.

"Andika Bakili," alisema Mzee Bakili.

Watu walidhani anatania. "Mzee, utawashonea Warufiji kaptula?" mmoja aliuliza.

"Nina darasa la nne," alisema, "na wakati wetu darasa la nne lilikuwa shule. Andika, mwenyekiti. Wewe ulitaka jina kutoka kwangu. Hilo ndilo langu."

Nyuma yake, juu ya baraza, dirisha la nyumba yake lilikuwa wazi, Bi Zamzam amesimama ndani. Alilivuta likajifunga kwa kishindo.

Jumatatu, 19 Mei

 Mama amehamishia chumvi jikoni.

Jumatano, 21 Mei

Lori lilikuja asubuhi. Walipakia kitanda cha Mzee Bakili, kiti, na cherehani iliyofungwa kwa magunia. Filbert ndiye aliyeibeba cherehani, peke yake, akikataa msaada. Bi Zamzam hakutoka nje.

Nilikwenda kumwomba radhi. Mzee Bakili alinizuia kabla sijaanza.

"Usiniombe radhi, wala usinitetee kwa watu. Mkono nimenyoosha mwenyewe na nakumbuka."

Alipanda mbele karibu na dereva. Vumbi lilitimka mpaka mwisho wa mtaa, la kwanza tangu Machi.

Ijumaa, 23 Mei

Bombani wananyamaza nikifika. Wapangaji wote wapo, hakuna aliyehama. Klara ameniletea mchicha, akasimama mlangoni, akaondoka. Ofisini bosi ananipita bila kunitazama. Nafasi yangu bado ninayo, nachapa barua.

Nilidhani nikisema neno langu mwenyewe nitajisikia mzima. Nimejisikia mzima kwa muda wa kutembea kutoka barazani kwa Mzee Bakili mpaka kwetu. Sasa najisikia mtu aliyefanya jambo, na hilo ni tofauti.

Jumanne, 27 Mei

Wiki nzima hakuna tone. Darasani wamekuja nusu. Nilikuwa nikiandika silabi ubaoni niliposikia kiti kinaburuzwa. Bi Zamzam alikuwa ameingia. Alipita katikati ya wote, akaketi mbele kabisa. Nilimwamkia. Alichukua muda wake.

"Marahaba," alisema, akiutazama ubao. "Sikuja kwa ajili yako."

"Ndiyo, Bi Zamzam."

"Yule mjinga hana wa kumpikia na haniambii lolote. Ametuma salamu kwa dereva, mzima, mzima tu. Nataka kumwandikia mwenyewe, si kwa mkono wa mtu."

"Unataka kumwandikia nini, tuanze na hilo?"

Alifikiri. Wanawake wengine walikuwa wameacha kalamu zao.

"Kwamba paa linavuja."

Mama akasema kutoka mlangoni, kwa upole, "Lakini Bi Zamzam, mvua si zimekwisha?"

"Nani kakuuliza wewe?" alisema Bi Zamzam. Kisha kwangu: "Andika."

Nikafuta silabi zote, nikaandika "paa" kwa herufi kubwa. Nilimpa chaki. Aliishika kama anavyoshika sindano, akaanza.